Maji ya Githeri

Kilio kilianzia nyuma ya jikoni, palepale Wacera alipomwaga maji moto aliyochemshia githeri, mahindi na maharagwe. Ilikuwa asubuhi. Mtaa ule mpya wa kando ya Kitale, njia ya Saboti, hubaki mtupu watu wakishaenda kazini mjini, na mwanawe Kiragu alikuwa amelala fofofo.

"Mama Kiragu, ulisema pisheni?" Hasina, jirani yake, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua. "Sisi hatumwagi maji moto hivyo tu. Hao majini wako na watoto pia."

"Mimi nimeokoka, Mama Yakub. Hayo ni yenu."

Wokovu ni kitu kizuri, lakini haujamkataza mtu kubisha hodi.

Kesho yake harufu ya ngozi iliyoungua ilijaa sebuleni, na Kiragu akaamka na lengelenge shingoni. Wacera alimfunga mgongoni ampeleke hospitali. Akatoka getini, akapita nyumba za jirani, akapinda kona, na mbele yake likawa geti lake mwenyewe, wazi. Akageuka, akashika njia ya mashambani, akiimba pambio kwa sauti iliyokatikakatika, huku kilio kile kikimfuata na mtoto akizidi kuchemka mgongoni, akakimbia mpaka pumzi zikamwishia, na alipoinua macho alikuwa amesimama nyuma ya jikoni, kwenye udongo uliokuwa bado unafuka mvuke.

"Hasina! Siwezi kutoka!"

Hasina alisogea kwenye ua. "Ulichoma mtoto wa jini," alinong'ona. "Atachukua wako. Ama umlelee huyo wake."

Wacera alilia. Kisha akambusu Kiragu, akampitisha juu ya ua wa michongoma, miiba ikimchana mikono. Mtoto alipofika mikononi mwa Hasina, lengelenge likanywea.

"Mpe uji," Wacera alisema. "Nitamlea huyu."

Jioni mumewe, Ngari, alirudi kutoka stoo ya mahindi, akamkuta ameketi jikoni, leso kifuani, akibembeleza.

"Kiragu ako wapi?"

"Kwa Mama Yakub. Mlee hukohuko."

"Na huyo unanyonyesha ni nani?"

"Shh. Si unaona ndiyo amenyamaza?"

Mkono mdogo ulichomoza chini ya leso, umebabuka ngozi, ukamshika Wacera kidole, ukakaza.