Maua ya Chini

Wifi yangu alisema maua yangu ya plastiki yana vumbi la kutosha kupanda mahindi. Alikuja kukaa nami baada ya msiba, na ulimi wake haujui matanga. Nilimjibu kwamba vumbi halijaua mtu. Lakini jua lilipoanza kuzama, naye akatoka kwenda dukani, nilichukua beseni la maji ya sabuni na kitambaa, nikaketi kando ya cherehani yangu. Hapo ndipo maua yanapoanzia, yakipanda ukutani mpaka karibu na dari.

Kazi ile tulizoea kuifanya wawili, mimi na binti yangu, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Yeye alisafisha maua ya chini, mimi yale ya juu asikofika. Kila ua alilipuliza kwanza, fuu… halafu kitambaa. Na kwa kuwa alikuwa mtegaji kazi hodari, sikumruhusu kwenda kulala mpaka nimwambie kazi imeisha. Homa ilimkuta hapo hapo ukutani, kitambaa mkononi. Nilimbeba mbio hospitali. Hakurudi. Tangu siku hiyo sikuyagusa maua yale mpaka jioni hiyo.

Nikainama nianze na ya chini.

Yalikuwa safi.

Ya juu yalifunikwa na vumbi zito, lakini ya chini yaling'aa, na nilipoligusa moja, lilikuwa na majimaji. Lilinukia sabuni ya mche, ile niliyoacha kuinunua alipokufa. Nikafikiri ni wifi. Lakini wifi hata kikombe chake hakioshi.

Kisha nikasikia…

Fuu…

Ilikuwa karibu na goti langu. Dirisha nilikuwa nimelifunga. Ua moja likatikisika, tone la maji likaanguka sakafuni. Nywele zilinisimama. Nilitaka kukimbia, lakini mama gani humkimbia mwanawe? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Chiriku?" nilinong'ona.

Kimya. Yeye ambaye hakuwahi kunyamaza. Ila baridi iliniegemea begani, pale pale alipozoea kuniegemea akichoka.

Basi nikasimama, nikaanza kusafisha ya juu. Polepole. Huku chini nasikia fuu… fuu… na kitambaa kikisugua. Nililia, na nilikuwa na furaha, nasema bila haya. Nilipanda stuli, nikamaliza ua la mwisho, nikashuka, nikakamua kitambaa. Maneno yakaniponyoka kwa mazoea.

"Haya mama, kazi imeisha. Kalale."

Baridi ikaondoka begani.

Nikasikia nyayo za miguu mitupu zikielekea chumbani kwake. Pa… pa… pa… Nikazikimbilia, nikimwita arudi, nikimwambia bado, nimekosea, bado kuna vumbi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama nilivyokiacha. Mto tu ndio ulikuwa umebonyea katikati.

Wifi alinikuta nimeukumbatia mto huo. Nilimsimulia yote, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Alifunga mlango wa chumba, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, yachome maua hayo. Si kila anayekuja kama mtoto ni mtoto."

Nilimwambia yeye hajazaa, hawezi kujua. Lilikuwa neno baya.

Tangu hapo nafagia vumbi la kibarazani, nalinyunyiza juu ya maua yale ya chini. Najua ninavyoonekana. Kila jua likizama nakaa pale kando ya cherehani, nasubiri. Vumbi lilibaki kama nilivyoliweka, na ya juu nayo yakashika vumbi upya.

Mpaka jana.

Jana nilikuta ua moja limesafishwa. Si la chini. Ni lile la juu kabisa, ambalo hata mimi silifikii bila stuli. Mwanangu hakuwahi kuligusa. Nililinusa. Halinukii sabuni. Linanuka udongo mbichi.

Wifi amefunga virago asubuhi. Alinisihi tuondoke pamoja, nikakataa. Sasa jua linazama, beseni liko tayari, na nimeketi mahali pangu. Huko juu, karibu na dari, kuna kitu kinapuliza. Pumzi yake ni ndefu kuliko ya mtoto.

Sitauliza ni nani. Na safari hii, hata maua yote yakitakata, sitasema kazi imeisha.