Sinia la Shangazi Embarka

Kila siku baada ya sala ya alfajiri Salka alikimbia mara tatu kutoka hema la wazazi wake hadi tangi la maji la mtaa na kurudi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna msichana wa shule yake aliyeweza kumwacha nyuma. Akimaliza, alinawa, kisha akajipikia mkate mwembamba wa unga wa mahindi kwenye kikaango chake mwenyewe. Mama yake alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kikaango hicho, na hata wadogo zake wasiojua kusoma walijua kwamba hakiguswi.

Salka hakula ngano. Katika kambi yao ya wakimbizi, ambako unga wa ngano ndio uliogawiwa kila mwezi, na ambako hema lisilo na mkate lilihesabiwa kuwa hema lenye njaa, jambo hilo lilikuwa gumu kueleweka. Alipokuwa na miaka sita, daktari alieleza kwamba kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri kiliuumiza utumbo wake, na dawa ilikuwa moja tu: kutokula nafaka hizo kabisa. Watoto wenye maradhi hayo hawakuwa wachache. Hata hivyo majirani wengi waliamini kuwa ni kudeka, na kwamba mtoto akibanwa na njaa atakula.

Sikukuu ya Idi iliyopita Salka aliona haya mbele ya wageni, akala vipande viwili vya mkate. Alilala siku nne akitapika na kuharisha. Mbio za shule za kupokezana kijiti, zilizofanyika siku hizohizo, zilihitaji wasichana wanne. Shule yake ikabaki na watatu, ikaondolewa mashindanoni.

Sasa mashindano ya mwaka huu yalikuwa yamebakiza siku mbili. Shangazi Embarka, dada mkubwa wa baba yake, alimchinjia mbuzi.

“Njoo ule kwangu,” alimwambia. “Nimepika wali na nyama tu. Hakuna punje ya ngano ndani yake. Leo hutakula pembeni na kibakuli chako kama mtu aliyegombana na ukoo.”

Salka alifurahi kwa dhati. Jamaa saba walizunguka sinia moja kubwa, wakapiga bismillahi. Hapo akaona jambo ambalo shangazi hakuliwaza. Kila mtu alikuwa na mkate mkononi. Waliumega, wakauchovya katika mchuzi wa wali, na chembe zikaanguka kote siniani. Shangazi mwenyewe, kwa mkono uliotoka kumega mkate, alichagua pande nono la nyama na kulisukuma upande wa Salka, kama mwenye hema anavyomfanyia mgeni anayemheshimu.

Mkono wa Salka haukunyanyuka.

“Shangazi, nisamehe,” alisema. “Siwezi kula.”

“Nini tena?”

“Mkate umeingia siniani. Chembe zake zinatosha kunilaza.”

Mulud, binamu yake wa miaka kumi na minne, alicheka. “Mheshimiwa binti wa sultani. Tumwitie daktari aje ahesabu chembe?”

“Cheka tu, Mulud,” Salka alijibu. “Keshokutwa ukikimbia badala yangu, vaa gauni.”

Jamaa waliangua kicheko. Shangazi Embarka hakucheka. “Nimechinja mbuzi wangu,” alisema polepole, “nimepika usichokatazwa, na bado unaukataa mkono wangu mbele za watu. Chembe ni kitu gani?”

Salka alilitazama lile pande la nyama. Ingekuwa rahisi kumeza tonge moja na kuumaliza ugomvi. Akawakumbuka wale wasichana watatu waliobaki wamesimama bila mwenzao.

“Shangazi, ukikamua maziwa ukayatia kwenye chombo kilichobakiwa na tone la mtindi, asubuhi utayakuta mabichi?”

“Sina wazimu. Chombo nakisuuza kwa maji ya moto.”

“Kwa tone tu?”

Shangazi alilitazama sinia, akautazama mkono wake uliokuwa na unga kwenye vidole. Kisha akasimama.

“Mulud, kusanya mikate yote uipeleke nje. Wengine nyote, mkanawe kwa sabuni. Sufuriani kuna wali na nyama ambavyo havijaguswa.”

“Tutakula bila mkate?” Mulud aliuliza.

“Utakula bila mkate, na utashukuru. Katika hema langu mtoto hatengwi kwa sababu yenu.”

Aliliosha sinia mwenyewe, akalikausha kwa kitambaa kipya, akapakua upya. Walikula wote pamoja, na Salka akalimaliza pande lake la nyama hadi mfupa.

Siku ya mashindano Salka alikimbia zamu ya mwisho. Alikabidhiwa kijiti shule yake ikiwa ya tatu. Aliwapita wawili kabla ya utepe. Jirani mmoja alimkimbilia na biskuti kumpongeza. Shangazi Embarka akauzuia mkono wake.

“Muulize kwanza anakula nini.”

“Biskuti moja tu, Embarka.”

“Nami nilisema hivyohivyo.” Aliwageukia wasichana wanne waliokuwa bado wakihema. “Nilidhani nimemkirimu mtoto huyu kwa kumchinjia mbuzi, nami sikuwa nimemuuliza swali hata moja. Angenyamaza kwa kunionea haya, leo angekuwa kitandani, nami ningejisifu kwa mapishi. Mwenye maradhi aseme ukweli kwa adabu, wala asione haya. Na sisi wakubwa tukiambiwa, tusikilize kabla ya kukasirika.”

Jirani aliirudisha biskuti mfukoni. “Haya, binti,” alimwambia Salka, “unakula nini?”

“Tende,” Salka alisema. “Nyingi.”