Fundi Alipoziba Uwanja kwa Vigae

Nikikasirika, cherehani yangu inajua. Inapiga kelele, uzi unakatika, na mume wangu anapita mbali. Mwaka ule uzi ulikatika sana.

Mimi nashona sare za shule hapa barazani kwetu. Mume wangu anaweka vigae kwenye nyumba za watu, ndiyo maana kila mtu anamwita Fundi. Tunaishi na watoto wetu na mama yake Fundi. Chumba cha mama kiko nyuma, kwenye kona ya chini ya uwanja.

Zamani uwanja huo ulikuwa wa udongo. Mama alipanda mchaichai, mrehani, mshubiri na maboga yaliyotambaa mpaka ukutani. Asubuhi ungemkuta huko na jembe lake dogo, anaisemesha mimea yake. Ukitaka kiungo cha jikoni, unatoka nje unachuma. Mimi nilimpenda mama yule kama aliyenizaa. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda, na watoto wangu ndiye aliyewalea nikiwa kwenye cherehani.

Sasa, mafundi wa vigae wana tabia moja. Kazi ikiisha, vigae vinavyobaki wanakuja navyo nyumbani. Fundi alivirundika nyuma ya nyumba miaka na miaka. Vyeupe vya bafuni, vyekundu vya hotelini, vya maua, vya mistari. Siku mama alipokwenda kumuuguza dada yake, Fundi akaona nafasi imepatikana.

"Nyumba ya fundi wa vigae ina uwanja wa vumbi!" akasema. "Wateja wakija wananionaje?"

"Msubiri mama umuulize kwanza," nikamwambia.

"Wewe shona nguo zako. Vigae niachie mimi."

Maneno hayo yalinikaa rohoni, nisikufiche.

Mama aliporudi, uwanja wote ulikuwa umezibwa. Wote jamani! Kuanzia getini mpaka mlangoni kwake. Hata pa kuchomeka kijiti hapakuwepo.

"Si umeona, mama?" Fundi akasema, meno yote nje. "Kisasa hicho! Unafagia mara moja, umemaliza."

Mama akaweka mfuko wake chini. "Mimea yangu iko wapi?"

"Mama, mambo ya matope yamepitwa na wakati. Nitakununulia chungu kizuri cha maua."

Mama akaokota mfuko wake. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jua lilipowaka, tukakijua hicho kisasa. Vigae vilichoma nyayo. Mwanga wake ulinipiga machoni nikawa nashona nimekunja uso. Upepo ulioingia ndani ulikuwa wa moto. Watoto wakakataa kucheza nje, na nyuki na vipepeo wakatuhama.

Kisha mvua ikanyesha. Vigae havinywi maji. Maji ya bati na maji ya uwanja yakakimbilia kwenye kona ya chini, yaani chumbani kwa mama. Tulimkuta amekaa kitandani amekunja miguu, viatu vyake vinaelea. Alipojaribu kutoka, akateleza pale pale mlangoni akaumia kiuno.

Hapo nilipasuka. "Umeridhika?" nikamuuliza Fundi. "Umemjengea mama yako bwawa!"

"Mvua imezidi," akasema.

"Mvua haijazidi! Mvua ni ile ile ya kila mwaka. Wewe ndiye uliyezidisha!"

Mama akatunyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekasirika kuliko sisi sote, ila yeye hasira yake haina kelele.

"Msigombane," akasema. "Mvua nyingine ikiingia humu, nahamia kwa binti yangu. Na nikienda, sirudi."

Akaanza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Huyo binti yake, wifi yangu, anaishi mbali sana. Nilijua mama akienda huko tutamwona kwa nadra. Nililia kwa hasira.

Unajua Fundi alitaka kufanya nini? Kuongeza vigae! "Nitainua kizingiti chake, maji hayatapita." Nikatupa sare niliyokuwa naishona, nikavaa viatu, nikamfuata Mama Miche.

Mama Miche ni jirani yetu. Ana kitalu cha miche, na watu humwita awapangie bustani za nyumbani. Mdomo wake mkali, lakini kazi yake anaijua. Alipoingia getini alikinga macho kwa kiganja.

"Heee! Humu mnaishi au mnaoga?"

Fundi akanuna. Mama Miche hakumjali. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga katikati ya uwanja. Tukasimama tunaangalia. Maji yakateleza moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mama. Fundi akakimbia kuyazuia kwa tambara.

"Fundi, bafuni unawekaje vigae?" Mama Miche akauliza.

"Natoa mwinamo, maji yaende kwenye tundu."

"Na hapa tundu liko wapi?"

Fundi akaangalia huku na huku.

"Usitafute," Mama Miche akasema. "Tundu ni chumba cha mama yako."

Fundi alibadilika rangi. "Mmekuja kunishambulia? Bustani za kisasa nimeziona mimi. Zege safi, vigae, nyasi za plastiki!"

"Hizo ni za jana, Fundi. Siku hizi watu wanaopenda mambo mapya wananiita nirudishe udongo wao. Ardhi ikiwa wazi inakunywa maji na nyumba inapoa. Wanapanda mimea ya huku huku kwetu, iliyozoea jua letu na mvua yetu. Ikishashika mizizi, haisumbui kuimwagilia wala kuipulizia dawa. Wanachanganya maua na mboga. Nyuki wanafuata maua, na nyuki wakija, maboga yanazaa."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kwa kishindo. Mama akatokeza, mkono kiunoni.

"Hayo ndiyo niliyokuwa nayo!" akasema kwa ukali. "Nilikuwa na hicho kisasa, mkaniona mshamba!"

Fundi aliinamisha kichwa. Kisha akaenda kuchukua nyundo.

Kigae cha kwanza alikipiga utadhani kimemtukana. Aling'oa mpaka shati likalowa jasho. Iliniuma kumwona anavunja kazi ya mikono yake, lakini sikumwambia aache. Hata kidogo!

"Vipande vyenye ncha visibaki kwenye udongo," Mama Miche akaonya. "Watoto wanatembea peku."

Tulivikusanya vyote, na Fundi akavifukia chini kabisa ya njia mpya aliyoitengeneza kuanzia getini. Juu yake akapanga mawe bapa yenye kukwaruza ili mtu asiteleze. Kati ya mawe akaacha nafasi, akajaza kokoto, maji yapate pa kuzama.

Udongo tulioukuta chini ulikuwa mgumu. Tuliulainisha kwa jembe, tukachanganya na mboji. Mboji yenyewe si kitu cha kununua. Ni maganda ya jikoni na majani, tunayafunika mpaka yaoze yageuke udongo mweusi. Juu ya udongo tulitandaza majani makavu ili unyevu usipotee.

"Sasa maji," Mama Miche akasema. "Ya bati yaende kwenye tangi lenye mfuniko. Yanayobaki tuyachimbie bonde dogo pana, kina chake kisifike magotini."

"Nichimbe hapa ukutani?" Fundi akauliza.

"Unataka maji yatafune msingi? Sogea mbali na nyumba! Na ardhi yote iinamie bondeni, isiinamie mlangoni."

"Mbu je?" nikauliza.

"Mbu wanazaana kwenye maji yanayokaa. Bonde likishachimbwa, mimina maji uone. Yakizama mapema, vizuri. Yakikaa siku nyingi, udongo huo haunywi, tafuta sehemu nyingine."

Tulimimina, yakazama siku hiyo hiyo.

Fundi akashika miche ya mchaichai, akataka kuchimba. Mama Miche akamnyang'anya. "Kamuulize mwenye bustani."

Fundi alisimama mlangoni kwa mama kama mtoto aliyevunja sahani. "Mama, mchaichai ukae wapi?"

"Leo ndiyo unauliza?" mama akamjia juu. Lakini alitoka. Alitembea polepole kwa sababu ya kiuno, akanyoosha kidole. Mchaichai ukingoni mwa bonde. Maua yanayovumilia kulowa na kukauka, bondeni. Mrehani na mboga karibu na jikoni. Mti mdogo wa kivuli mbele ya baraza, mbali na ukuta, unikinge jua la mchana nikiwa kwenye cherehani. Fundi alichimba kila alipoonyeshwa. Jioni mama akarudi chumbani. Begi lake lilikuwa bado limejaa nguo.

Miche ikashika. Majani ya maboga yakaanza kutambaa, maua yakafunguka, na nyuki wakarudi. Upepo wa barazani ukapoa, uso wangu ukakunjuka. Mama alikuwa anatoka na jembe lake kila asubuhi. Lakini begi hakulifungua, nami sikuthubutu kumuuliza. Sote tulisubiri mvua.

Ilikuja mchana, kubwa, yenye upepo. Mama alikaa kitandani, begi pembeni yake, macho sakafuni. Mimi nilisimama barazani. Fundi alikuwa nje kwenye mvua, bila mwavuli, anayafuata maji kwa macho. Maji yakatoka getini, yakapita kwenye mawe. Mengine yakazama njiani. Yaliyobaki yakainamia bondeni, likaanza kujaa.

Fundi akakimbia. Aliingia chumbani kwa mama, akapiga magoti, akapapasa sakafu chini ya kitanda, kwenye kona, nyuma ya mlango.

"Pakavu!" akapiga kelele. "Mama, pakavu!"

"Pakavu wapi?" Nilisikia sauti ya mama juu ya mvua. "Angalia miguu yako! Umeniletea matope chumba kizima! Umelelewa wapi wewe? Toka! Na hilo begi usiliguse kwa mikono hiyo, nguo zangu nitazitoa mwenyewe!"

Fundi alikuja mbio barazani, maji yanamtiririka, anacheka huku analia.

"Umesikia?" akaniuliza. "Ananigombeza."

"Nimesikia."

"Haondoki!"

"Basi kachukue tambara upanguse," nikamwambia, "kabla hajabadilisha mawazo."