Maji ya Mgeni

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alichota maji mtoni, chini kidogo ya mgodi wa dhahabu. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu ya domo lake: hata akipiga mswaki alikuwa anaongea! Maji yale aliyachuja kwa kitambaa, lakini yalibaki na rangi ya kutu. Mdogo wake akiyaoga, alijikuna mpaka akatoka damu.

Watu wa mtaa walilalamika weee, hadi siku moja serikali ikamleta mpimaji wa maji. Alipiga hodi kwao wakati mama yuko sokoni.

"Shikamoo. Karibu," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nijazie chupa hii maji mnayotumia hapa."

Chiriku aliona haya. Mgeni apewe maji machafu? Mama angemgombeza! Akakimbilia pipa la maji ya mvua, yale ya akiba ya wageni, akaijaza chupa pomoni. Mgeni akashukuru, akaenda zake.

Majibu yalipotoka, mgodi uliyabandika langoni: maji ni salama. Bomba la maji safi ambalo watu walilidai halikuletwa.

"Salama gani hii?" mama alifoka, akimpaka mtoto dawa. "Dhahabu wachukue wao, vidonda vitubakie sisi!"

Chiriku alipiga domo juu ya kila kitu, ila la pipa hakuligusa. Kila mdogo wake alipolia, moyo ulimchoma. Mwishowe yalimshinda.

"Mama, ni mimi. Nilimpa maji ya pipa. Niliona aibu."

Mama alishusha pumzi. "Ole wangu! Na mimi ndiye niliyekufundisha. Haya, vaa viatu, twende ukamwambie mpimaji mwenyewe."

Ofisini kwake, mpimaji alisikiliza, akajishika kichwa. "Kosa ni langu pia. Nilichukua chupa moja nikaridhika, badala ya kwenda mtoni."

Kesho yake walikwenda wote, Chiriku akiongoza njia. Safari hii majibu yalionyesha sumu. Mgodi ukaamriwa uache kumwaga uchafu mtoni na ulete bomba.

Siku bomba lilipofunguliwa, vigelegele vilisikika mtaa mzima. Chiriku alimnawisha mdogo wake miguu. Vidonda vilikuwa vimepona, lakini makovu yalibaki. Akayagusa, akalia.

"Mama, kama ningesema mapema?"

"Yangekuwa machache," mama alijibu, hakumficha. "Mgeni mwenye kiu mpe maji mazuri, mwanangu. Lakini aliyekuja kuitazama shida yetu, mwonyeshe shida yenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa cha mdogo wako."