Sauti ya Babu Kwenye Kaseti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta vumbi kwenye redio ya mbao, akaiwasha na kuisogeza karibu na kiti cha Babu. Jina hilo la ndege Chiriku alipewa na Bibi kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. "Huyu hata usingizini anatangaza," Bibi alizoea kusema.

Babu alikuwa mtangazaji kwa miaka mingi, mpaka upasuaji wa koo ulipomwachia midomo inayocheza bila sauti. Bibi na Chiriku walijifunza kumsoma midomo. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kaseti iliyohifadhiwa kabatini, ndani ya soksi safi. Humo alisimulia jinsi redio ya mji wao ilivyoanza. Sasa ilibaki siku moja tu mtangazaji wa kituo aje kuichukua ili isikike siku ya maadhimisho ya kuanzishwa kwa redio hiyo.

Jioni hiyo Chiriku alitamani kusikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye mashine ya Babu ya kurekodi. Kaseti nyingine haikuwepo. Babu alikuwa amevunja kile kipande cha plastiki cha juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake, lakini Chiriku alikunja karatasi akaziba tundu. Alidhani mkanda uko mwishoni, penye nafasi tupu. Kumbe Bibi alikuwa ameurudisha mwanzo kwa ajili ya mgeni.

"Hapa ni Redio Chiriku!" alitangaza. "Hali ya hewa: jikoni kwa Bibi kuna ngurumo!"

Aliposikiliza alicheka. Mara sauti ya Babu ikadakia katikati ya sentensi: "...ndipo wakaamini kwamba hakuna mtu aliyefichwa ndani ya sanduku."

Kicheko kilimkauka. Alirudisha mkanda, akaupeleka mbele, akaurudisha tena. Mwanzo wote wa simulizi ulikuwa umetoweka.

Kaka yake alimkuta akilia. "Sema mashine imeufuta," alimnong'oneza. "Mashine haina mdomo wa kujitetea."

Kesho yake mtangazaji alifika na fundi mitambo. Chiriku alimuuliza fundi, "Sauti iliyofutwa inaweza kurudi?"

"Hapana, mwanangu. Mpya ikiingia, ya zamani imekwenda. Kwani kuna nini?"

Chiriku aliitazama ile kaseti. Mtangazaji alitabasamu kwa upole. "Labda mashine imekorofisha. Za zamani ndivyo zilivyo."

Uongo aliletewa tayari, kama chakula kwenye sahani. Lakini Chiriku alikumbuka fundisho la Babu: mtangazaji akikosea hasubiri taarifa ijayo, anasahihisha hapo hapo, kabla msikilizaji hajazima redio.

"Naomba kusahihisha," alisema. "Si mashine. Ni mimi. Nimerekodi juu ya sauti ya Babu."

Bibi alishika meza. Babu alifumba macho, chozi likamshuka. Fundi alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyefika msibani.

Kisha Babu alisukuma glasi yake ya maji mpaka mbele ya Chiriku. Ndivyo watangazaji wa zamani walivyomfanyia mwenzao anayekwenda kusoma taarifa hewani. Midomo yake ikacheza: Sema ninayosema.

Fundi aliweka maikrofoni. Chiriku alikaza macho kwenye midomo ya Babu.

"Mwanzo tulikuwa na chumba kimoja. Tulitundika mablanketi ukutani ili kelele za mtaani zisiingie. Hatukuwa na mikanda. Ukikosea, mji mzima umesikia. Wenye redio walikuwa wachache, kwa hiyo kipaza sauti kilichokuwa ndani ya sanduku kilifungwa kwenye nguzo sokoni. Watu waliacha biashara, wakaizunguka nguzo wakimtafuta msemaji. Mmoja alipanda, akafungua sanduku, akakuta nyaya tu..."

Siku ya maadhimisho familia nzima ilizunguka redio ya mbao. Sauti ya mtoto ilisimulia hadi pale mtu alipokuta nyaya tu. Kisha sauti nzito, ya joto, ikapokea: "...ndipo wakaamini kwamba hakuna mtu aliyefichwa ndani ya sanduku."

Babu alinyoosha mkono akaongeza sauti. Chiriku aliinamisha kichwa.

"Bibi, ule mwanzo wake hautarudi kabisa?"

"Hautarudi, mjukuu wangu, nami nitaulilia," Bibi alisema, akimfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Ndiyo maana kitu cha mtu hakiguswi bila ruhusa. Lakini ukikosea, sema mapema. Siku ile ungedanganya, leo nyumba hii ingekuwa imepoteza sauti mbili: ya Babu, na yako ya kusema kweli."