Mkono Alioukalia Baba

Kila Jumamosi, Dorice akishamaliza kufua sare zake za shule, baba yake Telesfori, rubani, alimchukua kwenye ndege ndogo ya misheni kupeleka dawa kijiji cha Mamba na kurudi Mpanda. Wenzake wa mtaani kwao Nsemulwa walimwonea wivu, naye hakuwakataza.

Jambo moja tu lilimtisha. Ndege ikigusa ardhi, baba aliukalia mkono wake wa kulia mpaka ndege isimame, macho yamemtoka kama mtu anayesikia anaitwa.

Jumamosi moja ya mwaka 1996, mvua ilikuwa imeuacha uwanja wa Mpanda umejaa changarawe. Walipotua, mawe yakaanza kugonga flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Dorice aliona vitatoboka. Akanyoosha mkono avute kishikio avipandishe.

Baba aliuchomoa mkono aliokuwa ameukalia, akamdaka kiganja. "Hicho ni cha magurudumu," alisema kwa sauti ndogo.

Aliitoa ndege kwenye njia ya kurukia, akaisimamisha, akakitazama kishikio cha flapu, akakitaja, ndipo akakivuta. Kisha akalia. Dorice aliogopa sana.

"Miaka mitatu iliyopita nilifanya kama wewe, hapahapa," baba alisema. "Nilikuwa na haraka. Magurudumu yakajikunja, tukaburuzika kwa tumbo. Ule mlio nausikia kila nikitua, ndiyo maana naukalia mkono."

"Si nyie mlisema fundi Ponsian hakukaza nati?"

"Ni mimi niliyesema, mwanangu. Wakamfukuza kazi."

Dorice alimpita Ponsian kila asubuhi akiziba pancha za baiskeli, na yeye na wenzake walimwita Mla Nati. Aibu ilimshika.

"Baba, twende tukamwambie."

"Nitapoteza kazi."

"Na yeye je?"

Walikwenda. Telesfori alisema yote mbele ya wateja. Ponsian alimaliza kwanza kuziba pancha aliyokuwa nayo.

"Nilijua," alisema. "Nilikikuta kishikio cha magurudumu kimeinuliwa. Nikawaambia misheni, hawakunisikia."

"Nisamehe, ndugu yangu. Jumatatu nitawaambia misheni."

"Jumatatu ni mbali, Teles. Twende sasa hivi."

Misheni ilimrudisha Ponsian kazini, na Telesfori akazuiwa kuruka miezi sita. Dorice alimfuata fundi peke yake, akamwamkia, akaomba msamaha kwa lile jina.

"Nimekusamehe, mwanangu," Ponsian alisema. "Ila shika hili. Kosa la mkono mimi nalitengeneza kwa spana. Uongo sina spana yake, anayo aliyeusema."