Mwanya Uliopimwa Mara Mbili

Kila Jumatano baada ya shule, Nurdan alipanda tramu hadi maabara ya chuo kikuu alikofanya kazi mama yake, Daktari Sevim, mjini Izmir. Alimalizia mkate wake wa ufuta nje, kwa kuwa mama hakuwa na mzaha: makombo na seli havikai chumba kimoja.

Mama alichunguza seli za saratani ya matiti. Alikuwa amemweleza kwamba ngozi ya seli ina milango midogo mno inayopitisha chembe za chumvi zenye umeme. Baadhi ya seli za saratani huacha milango ya sodiamu, mojawapo ya chembe hizo, wazi kupita kiasi, na hilo huzisaidia kubanduka na kuvamia sehemu nyingine za mwili. Mama alitaka kujua jambo moja: dawa ikifunga milango hiyo, je, seli zitapunguza mwendo?

Alikwaruza mstari katikati ya seli zilizojaa kwenye visahani, ukabaki mwanya mtupu, kisha akapiga picha siku ya pili. Seli zenye mbio huziba mwanya upesi. Kwa mradi wake wa sayansi, Nurdan alipewa picha sitini apime mwanya uliobaki, bila kujua visahani vipi vilitiwa dawa. Siri hiyo ilikuwa kwenye karatasi iliyofunikwa mezani.

Tatizo ni kwamba mama yake mdogo, Belgin, alikuwa akitibiwa saratani hiyohiyo, na Nurdan alimpenda mno. Mama alipotoka kidogo, aliifunua karatasi. Hakubuni tarakimu hata moja. Ila kila ukingo ulipokuwa na ukungu, kwenye picha za dawa alivuta mstari wa kipimo nje kidogo ili mwanya uonekane mpana, na kwenye zile nyingine akausogeza ndani.

Jioni ile, wakila nyumbani pamoja na Belgin, mama aliwaeleza kwamba dawa imepunguza mwendo wa seli kwa zaidi ya nusu. Belgin aliweka kijiko chini na kuuliza kama ni kweli. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile likamchoma Nurdan.

"Mama, nilichungulia karatasi," alisema. "Namba sikuzitunga. Nilizisogeza tu."

"Ulisogeza zipi?"

"Zenye ukungu."

"Zote zina ukungu, mwanangu," mama akajibu taratibu. Hakugomba, ila alisema picha zote zitapimwa upya.

Wiki iliyofuata, mtu mwingine alipima picha zile bila kujua lolote. Safari hii mwendo ulikuwa umepungua kwa robo tu. Nurdan aliipeleka habari hiyo mwenyewe kwenye kibanda cha ushonaji cha Belgin, akaomba msamaha huku akilia.

Belgin alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Wateja huniomba nikaze utepe wa kupimia ili waonekane wembamba," alisema. "Nikiwaridhisha, gauni linapasuka harusini, mbele ya wakwe. Hiyo robo ni ya kweli?"

"Ya kweli, Mama mdogo. Lakini ni kwenye visahani tu, bado haijajaribiwa kwa watu."

"Basi naipokea. Nusu ya uongo ingenifurahisha wiki moja, halafu mama yako angepotea njia miaka mingi. Kwenye robo ya kweli ana pa kuanzia kesho asubuhi. Ukinipenda, mwanangu, nipimie sawasawa."